Matanga Bila Maiti

Nakumbuka siku moja kiwanda chetu cha Jinja kiling'aa kuliko siku zote tangu kijengwe, na kung'aa huko nusura kumuue baba yako.

Usishtuke, Jamila mwanangu. Najua hujawahi kulisikia hili. Baba yako hapendi kulizungumza, na ukimuuliza kwa nini anakohoa kila baridi inapoingia atakwambia ni vumbi la Walukuba. Vumbi! Sisi sote tumezaliwa ndani ya vumbi hilo, mbona mimi sikohoi? Basi kaa hapo nikuhadithie, mimi shangazi yako nisiyejua kufunga mdomo.

Nakuhadithia kwa sababu ya neno ulilolisema siku ya Idi, tulipokuwa tunaosha masufuria nyuma ya nyumba. Ulisema huko kiwandani kwenu Mbale mfanyakazi wako mmoja alifungua koki isiyo yake, ikatoka harufu kali, watu wakakimbilia nje, kisha upepo ukaipeperusha na hakuna aliyeumia. Ukasema, "Shangazi, nikirudi Jumatatu namfukuza. Akili yake haiko kazini." Ulisema kama mtu aliyekwisha kuamua, huku unasugua sufuria langu utadhani ndilo lililofungua koki. Nilinyamaza kwa kuwa nyumba ilijaa wageni. Sasa wageni wameondoka, na gari lako la Mbale ni kesho. Leo utanisikiliza mpaka mwisho, hata chai ikipoa.

Enzi hizo mimi na baba yako tulikuwa vijana, tunatoka hapa Walukuba asubuhi kwa miguu pamoja na nusu ya mtaa, wote tunaelekea viwandani. Kiwanda chetu kilikuwa kinatengeneza sabuni za miche na dawa ya madoa, ile ya maji inayong'arisha nguo nyeupe. Mimi nilikuwa upande wa kufunga sabuni kwenye makatoni. Baba yako, Ramadhani, sisi tukimwita Rama, alikuwa upande wa matangi. Hana hata ndevu za kunyoa, lakini alijua kazi yake, na mama yetu alijivuna naye mpaka majirani wakachoka.

Mkubwa wa upande ule wa matangi alikuwa mtu mmoja aitwaye Mafabi, Mgisu kutoka huko huko Mbale unakofanya kazi. Alikuwa mwanajeshi kabla ya kuja kiwandani, na jeshi lilikuwa bado halijamtoka. Mrefu, mgongo umenyooka, viatu vinang'aa, ovaroli imepigwa pasi. Wewe umewahi kuona nani anayepiga pasi ovaroli ya kiwandani? Tulimwita Afande, na hata meneja alimwita hivyo. Akitoa amri, jibu lilikuwa moja tu: "Ndiyo, afande."

Sisi Wanubi jibu hilo tulilijua tangu utotoni, maana babu zetu walikuwa askari. Lakini hata wenzetu Wasoga waliokuja kwa baiskeli kutoka Budondo, ambao hawajawahi kulala kambini hata siku moja, nao walijibu hivyo hivyo. Tena haraka kuliko sisi. Unajua sababu yake. Kwa watu wengi wa hapa, Kiswahili kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki aliyesimama mlangoni. Ukisemeshwa nacho kwa sauti kubwa, unakubali kwanza, mengine utayafikiria ukishafika nyumbani. Na Afande hakuwa na sauti ndogo, jamani. Akisema "habari ya asubuhi," njiwa wanaruka kwenye paa.

Hakuwa mtu mbaya. Nataka ulijue hilo mapema. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka, na mtu akifiwa, Afande yupo msibani kabla ya ndugu wa marehemu. Ila hakuulizwa swali. Hatukuwa tumekatazwa kumuuliza, bali hakuna aliyejaribu.

Sasa ikaja habari kwamba mkubwa mmoja atakuja kutoka Kampala kukitembelea kiwanda. Mgeni rasmi! Meneja akachanganyikiwa. Likaletwa hema, vikaletwa viti vya plastiki, wakatafutwa wanawake wa kucheza. Kazi ya usafi akakabidhiwa Afande, na Afande akafanya kile anachofanya mwanajeshi yeyote akisikia mkubwa anakuja. Umeziona kambi za askari, mwanangu. Mawe ya njiani meupe, mashina ya miti meupe, nguzo nyeupe, kila kitu cheupe. Basi akawapanga watu mstari mmoja akasema, "Mimi nataka hii kiwanda yote nyeupe. Ukuta, nguzo, bomba, kila kitu. Mgeni akifika aone nyeupe tu."

"Ndiyo, afande!"

Wakapaka, wacha bwana! Waliongozwa na Mzee Kirunda, fundi rangi wetu kutoka Budondo, mtu mpole mwenye kofia iliyojaa madoa ya kila rangi duniani. Wakapaka ukuta, wakapaka nguzo, wakapaka mabomba. Mgeni rasmi akaja, akala, akasifu weupe, akaondoka. Sisi tukabaki na soda na biskuti, tumefurahi.

Nikueleze sasa mahali penyewe, ingawa wewe ni msomi wa mambo haya kuliko mimi. Kwenye ukuta wa karibu na geti palikuwa na midomo miwili ya mabomba, pale malori yanaposimama kushusha mizigo ya majimaji. Bomba moja linakwenda kwenye tangi la asidi, jingine kwenye tangi la dawa ya madoa. Unajua kilichomo humo. Kila moja peke yake haina neno ukiiheshimu. Zikikutana tu, hutoka gesi inayochoma mapafu, na mtu anaweza kufa amesimama. Midomo yenyewe ilifanana kama mapacha. Kilichoitofautisha ni pete ya rangi iliyopakwa kuzunguka kila bomba: nyekundu kwa asidi, buluu kwa dawa. Watu wote walifuata pete. Hakuna aliyehitaji kusoma chochote.

Na pete zile zilikuwa zimepakwa nyeupe.

Kesho yake ndiyo siku ninayoikumbuka. Hema la mgeni lilikuwa bado halijabomolewa, limeziba pale lori linapoingilia siku zote. Likaja lori la tangi kutoka Mombasa, limebeba asidi. Dereva akalazimika kulizungusha na kuingia kwa upande wa pili. Afande akapiga kelele kutoka mbali, "Ramadhani! Shusha haraka, hii lori iondoke!" Baba yako akajibu, "Ndiyo, afande," akaenda.

Akafika ukutani. Mabomba mawili, yote meupe. Aliniambia baadaye kwamba alisimama pale na mpira wa kushushia asidi mkononi, akatafuta pete asiione. Akajaribu kukumbuka. Asidi huwa mkono wa kulia. Kulia kwa nani? Siku zote yeye alikuwa na lori mgongoni akitokea getini, na leo amekuja kwa upande wa pili, kulia kumekuwa kushoto. Alitaka kuuliza. Akageuka kumtazama Afande, akamwona anamfokea dereva wa foko, ile gari ya kuinulia mizigo, kule mbali, na moyo ukamwambia, usimsumbue. Dereva wa Mombasa naye, kijana mcheshi, anapiga miluzi, anasema, "Ndugu yangu, unangoja mahari? Funga twende!"

Rama akafunga. Akafunga kwenye bomba la dawa ya madoa.

Mimi nilikuwa ndani kwenye makatoni. Kwanza nilisikia harufu kama ya kufulia nguo, ile tuliyoizoea, nikaipuuza. Kisha ikanipiga kooni kama mtu amenitia kidole. Macho yakajaa machozi. Nikasikia sauti ya Afande, na nakwambia kwa mara ya kwanza niliishukuru sauti ile: "Upande ya ziwa! Kimbieni upande ya ziwa! Upepo inatoka huko!" Tukakimbia kuelekea upepo unakotoka, wanawake tumefunika pua kwa leso, wengine wamepoteza viatu. Niligeuka nikaona ukungu wa kijani-manjano umetambaa chini karibu na matangi. Nikaanza kuita, "Rama! Rama yuko wapi?"

Dereva alikuwa amefunga koki ya lori lake kabla ya kukimbia, Mungu ambariki popote alipo. Afande akavaa maski ya gesi, ile iliyokuwa inaning'inia ofisini kwake na tuliyokuwa tunaicheka kuwa ni uso wa nguruwe, akaingia. Akatoka na baba yako begani. Midomo ya Rama ilikuwa imekuwa ya buluu. Sijawahi kulia vile tena, hata siku ya kumzika mama.

Watu wengi hapa Jinja humsifu Afande kwa kuingia kwenye ule ukungu. Wana haki. Lakini mimi kila nikimkumbuka namsifu kwa jambo jingine, na ndilo ninalotaka kukupa uende nalo Mbale.

Baba yako alilazwa, amewekewa mpira wa oksijeni puani, kila pumzi inatoka kwa shida. Wafanyakazi wengine kadhaa walitibiwa wakaruhusiwa. Na huku mtaani, loo, mtaa ulikuwa umekwisha kuhukumu. Nikipita bombani kuchota maji nasikia, "Yule mtoto wa Kinubi alitaka kutumalizia watu." Mama akajifungia ndani. Kiwandani ikasemwa wazi kwamba Ramadhani amefukuzwa, na kwamba akitoka tu hospitali, polisi watamtaka aeleze. Nilikwenda kumwona, nikamkuta anatazama ukuta. Akaninong'oneza, maana sauti haikuwepo, "Dada, ni mimi. Mkono ni wangu." Kweli, mkono ulikuwa wake. Hata mimi nilishaanza kuamini hivyo.

Siku iliyofuata meneja akatukusanya wote uwanjani, chini ya lile lile hema la mgeni. Akasema uzembe wa mtu mmoja umetutia aibu, na mtu huyo amekwisha kuondolewa, kwa hiyo sasa kiwanda ni salama na turudi kazini. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, nasikia macho ya watu mgongoni. Ndipo Afande akasimama akasema, "Bwana meneja, naomba ruhusa. Maneno haijaisha."

Akavua kofia. Hatukuwahi kumwona Afande bila kofia, na kumbe alikuwa na upara! Katika hali nyingine tungecheka wiki nzima.

Akasema, na nakuletea maneno yake kama yalivyotoka, kwa Kiswahili chake cha kambini: "Mimi natoka Bugisu. Kwetu mtu akikufa, kabla ya kumushusha kwa shimo, mtu moja anasimama anaeleza ugonjwa. Ilianza lini, ilianza wapi, ilipita wapi mpaka ikamaliza mtu. Wasoga pia munafanya, nimeona. Na mbele ya maiti hatusemi uongo. Leo maiti hakuna, Mungu amekataa. Lakini mimi naeleza ugonjwa kama vile maiti iko hapa."

Kila mtu pale alikijua kitendo hicho. Sisi Waislamu tunazika haraka, maneno yetu machache, lakini nani asiyekwenda kwenye misiba ya majirani? Unakaa kwenye nyasi, anasimama kaka wa marehemu anasema, alianza na kichwa, tukadhani malaria, tukampeleka kliniki, wakatupa vidonge. Watu wanasikiliza kwa makini kabisa, kwa sababu kila mmoja anataka kujua ni wapi palipopotea njia. Hata hivyo, nani aliyewahi kufikiria kuyafanya hayo ilhali marehemu bado anapumua?

Afande akaendelea. "Hii ugonjwa haikuanza na Ramadhani. Ramadhani ni mahali jipu ilipasukia. Damu ilichafuka mbele. Ilianza na mimi. Ni mimi nilisema kila kitu nyeupe. Nilitaka mukubwa aone nyeupe, na mimi nilipita pale nikaona pete imepotea, nikasema, vizuri, inapendeza."

Meneja akamkatiza. "Afande, unajua unachokisema mbele ya watu?"

"Najua, bwana. Na tena, ni mimi nilisema haraka. Na hii hema ni mimi niliiacha kwa njia ya lori. Hiyo yote ilitangulia kabla Ramadhani hajashika mupira."

Kisha akatugeukia. "Nani aliona pete ikipotea?"

Ndipo Mzee Kirunda akainuka polepole kutoka nyuma, kofia yake ya madoa mkononi. "Afande, brashi nilikuwa nayo mimi. Nilipofika kwenye ile nyekundu nilisimama. Nikajiambia, hii ina kazi yake. Halafu nikajiambia, afande amesema kila kitu."

"Kwa nini hukuniuliza, muzee?"

"Ungenifokea, afande."

Nilidhani Afande atamfokea pale pale. Akasema, "Kweli. Ningekufokea." Akapangusa upara kwa kiganja. "Basi hiyo pia ni ugonjwa. Hiyo ndiyo kubwa yake."

Hapo, mwanangu, mikono ikaanza kuinuka yenyewe. Mmoja aliona. Mwingine aliwahi kukosea bomba zamani, akagundua kabla ya kufungua koki, akanyamaza asichekwe. Mlinzi wa getini alishangaa lori kuingia kinyume, akasema si kazi yake. Mambo yalitoka pale kama maji ya mfereji uliozibuliwa. Meneja alisimama na maneno yake mdomoni, hajui ayapeleke wapi. Mwisho akasema Ramadhani atarudi kazini akipona. Nilitoka pale mbio mpaka hospitali, sikumbuki hata nilipita barabara gani. Nilipomwambia baba yako, aligeuza uso kutoka ukutani akanitazama. Akaniomba uji.

Usidhani Afande aliondoka na medali. Kulikuwa na cheo kilichokuwa kinamngoja, cha kuwa mkubwa wa kiwanda kizima baada ya meneja. Wenye kiwanda wakasema mtu aliyekiri mbele ya vibarua hafai kuongoza, wakampa mwingine. Nilimsikia akiulizwa kama anajuta. Akasema, "Ningepata ile kiti, ningekaa juu ya mapafu ya Ramadhani." Akacheka, akarudi kwenye matangi yake.

Tena tazama alivyofanya. Hakuridhika kurudisha pete nyekundu na buluu. Alisema rangi inapakwa na rangi inafutwa, na mtu aliyechoka haoni rangi. Akawaambia mafundi wabadilishe midomo yenyewe ya mabomba, mmoja mpana, mmoja mwembamba, ili mpira wa asidi usiweze kabisa kuingia kwenye bomba la dawa hata mtu akitaka kwa makusudi. Halafu akaupiga marufuku ule wimbo wetu. Ukimjibu "Ndiyo, afande," anakutazama tu. "Nieleze kwa maneno yako utafanya nini. Na uniambie moja ambayo inaweza kuharibika." Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Watu wazima wanaumauma maneno kama watoto mbele ya mwalimu. Mzee Kirunda ndiye aliyeanza kuzoea, na alipozoea alikuwa hanyamazi tena, mpaka Afande mwenyewe anashika kichwa: "Muzee, nimesema moja, siyo kumi!"

Na ukabaki ule mkutano. Kila jambo lilipokaribia kuharibika, hata dogo, hata mtu ameteleza tu kwenye sabuni, tulikaa chini akasimama mmoja akaeleza ugonjwa: ulianzia wapi, ulipita wapi. Aliyekosea hakuadhibiwa kwa kueleza. Na kila mara Afande, au yeyote mwenye cheo, ndiye aliyeanza, kwa kusema sehemu yake. Sisi tukaupa jina, matanga bila maiti. Watu wa viwanda vingine walitucheka sana. Wanawake wa Walukuba walikuwa wakiniuliza, "Halima, leo mmemlilia nani?" Nikiwajibu, "Hakuna, ndiyo raha yake."

Nimewaheshimu watu wengi maishani mwangu, masheikh, walimu, baba yangu mzazi. Lakini mtu mwenye amri mkononi, ambaye watu tayari wamekwisha kumpa mtu mwingine wa kulaumiwa, naye akasimama akasema hapana, anzeni na mimi? Huyo nimemwona mmoja tu. Wallahi, mmoja tu.

Alikufa wewe ukiwa chuoni. Tulikodi gari kutoka hapa mpaka kwao Mbale, chini ya mlima Wanale, sisi wa zamani wa kiwanda, wengine na bakora, wengine na wajukuu wa kuwashika mkono. Ulipofika wakati wa kueleza ugonjwa, akasimama mwanawe mkubwa. Akasema baba hakuugua. Alizeeka. Siku hiyo alikunywa uji, akaomba kiti chake kisogezwe juani, akasinzia, na walipokwenda kumwamsha kwa chakula cha mchana alikuwa amekwisha kwenda. Basi, akakaa.

Baba yako akainuka. Sikuamini. Mtu asiyependa kuzungumza, anakohoa, akaomba ruhusa ya wenye msiba. Akasema, "Ninyi mmeeleza kilichomwondoa. Mimi naomba nieleze alichokizuia." Akaeleza yote, rangi, hema, lori, mpira, hospitali. Kisha akasema, "Wa kiwandani tusimame." Tukasimama. Nikatazama huku na huku, nikawaona wenzangu wa upande wa matangi na wa makatoni, wazee watupu, meno yamepungua. Nikawafikiria waliotangulia. Wamekufa kwa sukari, wamekufa kwa presha, wengine kwa uzazi, wengine kwa uzee. Nikapekua kichwani jina moja baada ya jingine. Tangu siku ile ya hema, hakuna hata mmoja wetu aliyeuawa na kazi. Mama mmoja Mgisu aliyekaa karibu nami akaniuliza kwa nini nalia vile, je, marehemu alikuwa ndugu yangu? Nikamwambia ndiyo.

Basi, mwanangu, chai yako imepoa, nilikwambia itapoa. Sasa sikia ninalokutaka.

Jumatatu usimfukuze yule mtu. Wakusanye watu wako, ukae nao chini, na uanze wewe. Ulimwambia nini siku ile, na ulimwambia kwa sauti gani? Koki zile zinafanana? Alikuwa amefanya zamu ngapi bila kupumzika, na nani alimpangia? Kuna mtu alitaka kukuuliza akaogopa? Sijui majibu, wala wewe huyajui, na ukimfukuza hutayajua kamwe, kwa sababu ataondoka nayo. Koki itabaki pale pale inamngoja mwingine, na waliobaki watakuwa wamejifunza jambo moja tu, kufunga midomo. Harufu ile iliyopeperuka ilikuwa msiba uliokuja kubisha hodi ukarudi. Ueleze sasa, wakati kila mtu bado anaweza kusimama na kusema sehemu yake. Usingoje ueleze wewe mbele ya mama wa mtu, kwenye nyasi, na sanduku liko katikati.

Na ukiona aibu kuanza na jina lako, kumbuka kwamba baba yako alikuwa amefukuzwa tayari, amegeukia ukuta. Mtu mmoja alivua kofia yake, ndiyo maana uko hapa unanywa chai yangu.

Nenda, Jamila. Mungu akupe ulimi usioona uzito kusema "mimi." Akupe watu wasiokuogopa. Akurudishe nyumbani kila jioni na mapafu yako mazima, wewe na yule uliyetaka kumfukuza, na awape nyote siku nyingi, hadi atakaposimama mtu kueleza ugonjwa wenu akose la kusema ila kwamba mlizeeka.